Gazeti moja la kurasa 32 kwa darasa la wanafunzi 60

Watoto wetu wanasomewa magazeti kila siku, lakini hawayasomi. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linalonisumbua tangu nianze kufundisha Kiswahili hapa Muheza, mkoani Tanga. Asubuhi redio zinasoma magazeti. Kwenye daladala, kwenye kibanda cha chai, jikoni kwa mama, kuna sauti ya mtangazaji anayetaja kichwa cha habari, anaongeza maoni yake mawili matatu, anacheka na mwenzake, kisha anahamia gazeti jingine. Mtoto anafika shuleni akiwa na vichwa vyote vya habari vya siku ile. Muulize aya ya nne ilisema nini, hajui. Muulize nani aliyesema, atakujibu "wamesema redioni."

Jioni anakutana na gazeti lile lile kwenye simu ya kaka yake, safari hii likiwa picha ya ukurasa wa mbele iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Watu wanabishana chini ya picha mpaka usiku wa manane. Kurasa 31 zilizobaki hakuna aliyezifungua.

Mimi nataka wanafunzi wangu wazifungue hizo 31.

Shule yetu ni ya kata, ya kutwa, na kama shule nyingi za aina hiyo haina fungu la magazeti. Nanunua mwenyewe, moja kwa wiki, na wiki nyingine mawili pakiwa na habari inayotugusa. Nilipoanza, gazeti lilikuwa shilingi 1,000. Linachapwa Dar es Salaam na linakuja na basi, linapita Chalinze, Mkata na Segera, ndipo furushi linateremshwa stendi yetu jua likiwa limeshapanda. Kaka anayeuza magazeti pale ananiwekea nakala yangu chini ya meza, na basi likichelewa ananipigia: "Mwalimu, leo usihangaike kuja, gari limepata pancha Mkata." Kwa hiyo gazeti la leo sisi tunalisoma kesho. Kwa kazi tunayoifanya halijapungukiwa kitu.

Sasa darasa lina wanafunzi 60 na gazeti ni moja. Hapa ndipo walimu wengi wanapokata tamaa, au wanamsimamisha mwanafunzi mmoja mbele asome kwa sauti huku wenzake 59 wakimtazama. Hapo tumerudi kwenye redio. Mimi nalifumua. Gazeti halina pini. Likiwa la kurasa 32 ni karatasi kubwa 8 zilizokunjwa na kupachikwa moja ndani ya nyingine. Ukizichomoa, kila moja ina kurasa nne: mbili za upande wa mwanzo na mbili za upande wa mwisho. Ile ya nje kabisa ina ukurasa wa 1, 2, 31 na 32. Inayofuata ina 3, 4, 29 na 30. Ya katikati ndiyo pekee yenye kurasa zilizofuatana, 15 hadi 18. Karatasi 8, makundi 8, watu saba au wanane kila kundi, karatasi imetandazwa juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, na kila mmoja ameinama kuisoma kutoka upande aliopo. Wengine wanasoma maandishi yakiwa kichwa chini, na wamezoea.

Utamu wa kulifumua gazeti ni kwamba habari zinakatika. Ile kubwa inaanza ukurasa wa mbele kwa aya tatu nne, halafu chini yake pameandikwa "Inaendelea uk. 4." Ukurasa wa 4 uko kwa kundi la pili. Kundi la kwanza limeachwa njia panda na linataka kujua mwisho, na kundi la pili limeshika mwisho wa jambo lisilojua lilivyoanza. Basi wanatumiana wajumbe. Masharti ni mawili. Mjumbe haruhusiwi kuondoka na karatasi. Anasoma pale pale, anarudi kwa wenzake kuwasimulia kwa maneno yake, na kabla ya kusoma lazima awaeleze wenyeji wake habari ilivyoanzia kwake. Ufupisho, ambao kwenye mtihani wanauogopa kuliko swali lolote, wanaufanya wakiwa wamesimama, bila kuambiwa kwamba huo ni ufupisho. Mjumbe akisimulia ovyo, kundi linamrudisha: "Nenda kaulize huyo mtu aliiba au alituhumiwa kuiba." Swali hilo nimelisikia kwa masikio yangu kutoka kwa mtoto wa Kidato cha Pili, na ningekuwa mhariri ningemwajiri siku ile ile.

Kelele zipo, siwezi kuficha. Mwalimu wa zamu ameshachungulia dirishani zaidi ya mara moja akidhani darasa halina mwalimu.

Baada ya kusoma tunajadili, na hapa nina kanuni ambayo siilegezi. Ukitaka kusema gazeti limesema jambo fulani, taja ukurasa na taja aya. Mwanzoni nilikuwa nauliza mimi. Siku hizi akisimama mtu akaanza "Gazeti linasema serikali ita...", darasa zima linamdaka: "Ukurasa? Aya?" Anarudi kuinamia karatasi. Mara nyingi anakuta gazeti halikusema hivyo. Lilisema mtu fulani ameomba, au ameahidi, au amelalamika. Kati ya serikali itajenga na mbunge ameiomba serikali ijenge kuna umbali mkubwa sana, na mtoto anayeuona umbali huo akiwa na miaka 15 hatadanganywa kirahisi akifika 30.

Kila kundi lina kalamu nyekundu. Kazi yake ni kupiga mstari chini ya jina au cheo cha kila mtu aliyesema kitu katika habari wanayoisoma. Hawapigi mstari kwa aliyetajwa tu, wanapiga kwa aliyefungua mdomo. Wakimaliza, wananiandikia ubaoni orodha ya waliosema, halafu chini yake orodha ya watu wanaohusika na habari hiyo ambao hawakusikika. Orodha ya pili ndiyo inayotuchukulia muda.

Nitoe mfano wa machungwa, kwa sababu ndiyo siku niliyoona jambo hili lina nguvu kiasi gani. Huku kwetu Muheza chungwa ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni harusi. Likianguka bei, hata mahudhurio darasani tunayaona yameanguka. Siku hiyo gazeti lilikuwa na habari fupi ya ukurasa wa ndani kuhusu soko la machungwa, yenye bei ya chungwa moja shambani. Kundi lililokuwa na karatasi hiyo lilisoma kimya kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha binti mmoja, ambaye tangu mwaka uanze hajawahi kunyoosha mkono kwenye kipindi changu, akasimama.

"Madam, hii bei siyo."

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema bei imeandikwa sawasawa, ndiyo wanayoitaja wanunuzi, ila siyo inayoingia mkononi kwa bibi yake. Mnunuzi anakuja na watu wake wa kuchuma na kuhesabu. Machungwa yakishateremshwa mtini yanamwagwa chini ya mti na hesabu inaanza. Yaliyo madogo wanayasukuma pembeni, hayahesabiwi, wanasema hayo ni "reja." Mwenye shamba analipwa kwa yaliyohesabiwa. Halafu jioni lori likipakiwa, na zile reja zinapakiwa. "Sasa, Madam, ukigawa hela aliyopewa bibi kwa machungwa yote yaliyoondoka, bei siyo hii."

Darasa lilikaa kimya kidogo, kisha likalipuka. Kijana mmoja wa kundi la mbali, ambaye mjomba wake ni dalali, akasimama kupinga. Akasema mnunuzi naye ana hasara zake: machungwa yanaoza njiani, ushuru analipa yeye, mafuta ya lori yeye, wapakiaji yeye, na akifika Dar akakuta malori mengine kumi yameshatangulia, anauza kwa bei ya kutupa. Reja ndizo zinazomwokoa. Binti akamwuliza kama reja ni za kumwokoa mnunuzi, kwa nini zisihesabiwe hata kwa nusu bei. Kijana hakuwa na jibu la haraka. Akasema atamuuliza mjomba.

Na alimuuliza. Wiki iliyofuata alikuja na maelezo, na binti alikuja na maelezo ya bibi, na wengine wanne watano ambao hakuna aliyewatuma walikuja na maelezo kutoka vijijini kwao. Kumbe kuna kijiji wanapouza shamba zima kwa kukadiria, maua yakiwa bado hayajawa matunda, kwa sababu mwenye shamba ana shida ya hela. Kumbe kuna mama mmoja aliyekataa kabisa habari ya reja na anahesabu mwenyewe na wanawe, na wanunuzi wanamwita mkorofi, lakini wanarudi kwake kila msimu. Tukairudia ile habari ya gazeti. Mistari myekundu ilikuwa chini ya ofisa mmoja na mfanyabiashara mmoja. Mkulima hakuwemo. Nikawaambia waandike maswali ambayo mwandishi angepaswa kuuliza, wakajaza ubao, na kwa mara ya kwanza niliona wanafunzi wakinakili kitu kutoka ubaoni bila kuamrishwa.

Yule binti ndiye aliyenifundisha namna ya kuchagua habari. Mtoto anaanza kulisoma gazeti kwa dhati siku anapokuta ndani yake jambo ambalo yeye analijua kuliko aliyeliandika. Kabla ya hapo gazeti ni kitu cha wakubwa wa Dar es Salaam. Ndiyo maana sianzi na ukurasa wa mbele. Mambo ya ukurasa wa mbele yanatokea mbali, na mwanafunzi hana cha kuyapimia isipokuwa ushabiki alioukuta nyumbani. Naanza na bei za mazao, kesi za mahakama ya mwanzo, barabara, ajali ya bodaboda, daraja lililosombwa na mvua. Ukurasa wa mbele watauendea wenyewe baadaye, na wakiufikia watakuwa wameshajifunza kushika kalamu nyekundu.

Na kazi kubwa ya mwalimu katika kipindi hiki ni kunyamaza. Inauma. Ukiwa na shahada yako na chaki mkononi, na mtoto anaeleza jambo vibaya wakati wewe unalijua vizuri, mdomo unawasha. Lakini ukishasema wewe, mjadala umekwisha. Wanafunzi wetu wamefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba la mwalimu ndilo la mwisho, na wataacha mara moja wanachokifikiri ili washike unachokifikiri wewe. Mimi siku hizi nakaa nyuma ya darasa, kwenye dawati la mwanafunzi, ili wakizungumza wasiniangalie.

Kurasa za michezo msizidharau. Nimekutana na walimu wanaozitoa kabisa kabla ya kugawa gazeti, eti zinapoteza muda. Wapo vijana darasani kwangu ambao kusoma aya moja ya riwaya ni mateso kwao, lakini mpe taarifa ya mchezo wa Coastal Union, Wagosi wa Kaya, timu ya mkoa wetu, anaisoma mpaka majina ya wachezaji wa akiba. Huyo si mtoto asiyejua kusoma. Ni mtoto ambaye hajapewa cha kusoma. Wazee walikuwa wakiwasimulia kwamba Coastal iliwahi kuwa bingwa wa nchi, wakabisha, tukatafuta, ni kweli, mwaka 1988. Kutoka hapo tukaingia kwenye msimamo wa ligi, tofauti ya mabao, na mwalimu wa Hisabati akaja kuazima gazeti kwangu.

Kuna kona nyingine ambayo hakuna mtangazaji wa redio anayeisoma, nayo ni matangazo madogo. Mtu amepotelewa na cheti. Mtu anabadili jina. Benki inauza nyumba ya mtu kwa mnada kwa sababu ya mkopo. Familia inawakumbuka wazazi waliofariki miaka kumi iliyopita, na picha yao ya siku ya harusi. Wanafunzi wanakaa sana hapo. Siku moja kundi lilikuwa na tangazo la kazi za udereva serikalini, na kijana aliyekuwa akisema wazi kwamba anasubiri tu amalize mwaka akawe tandiboi wa malori alisoma masharti kwa sauti: cheti cha Kidato cha Nne, halafu leseni na daraja lake. Alirudia "Kidato cha Nne" mara mbili. Sikusema neno. Tulihama kwenda habari nyingine.

Niseme kuhusu lugha, maana hili linanigusa sana. Sekondari masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Nina wanafunzi ambao kwenye kipindi cha Biology ni mabubu kabisa, na walimu wao wanaamini hawana akili. Njoo uwaone wakibishana juu ya habari ya kipindupindu kwenye gazeti la Kiswahili: wanauliza maji yalitoka wapi, nani aliyapima, kwa nini wagonjwa wengi ni wa mtaa mmoja. Hayo ni maswali ya sayansi. Akili ilikuwepo siku zote, mlango ndio uliokuwa umefungwa. Kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza nami tukakubaliana jambo. HabariLeo na Daily News zinatolewa na kampuni moja, Tanzania Standard Newspapers, na Mwananchi na The Citizen nazo zinatoka nyumba moja. Mara nyingi utakuta tukio lile lile limeandikwa katika magazeti yote mawili ya nyumba moja. Tunawapa kwanza la Kiswahili, wanalimaliza, wanabishana, wanajua nani kasema nini. Kesho yake kwenye kipindi chake anawapa la Kiingereza. Wanalisoma wakijua tayari linazungumza nini, na wanawinda. Wanagundua kwamba la Kiingereza limeacha jambo fulani, au limeongeza takwimu, au limempa nafasi mtu mwingine aseme. Mwenzangu ananiambia hajawahi kuona wanafunzi wakirudi kwenye sentensi ya Kiingereza kwa hiari yao kwa ajili ya kushinda ubishi.

Picha za kughushi ni somo lenyewe. Simu haziruhusiwi shuleni, ila yanayozunguka kwenye simu yanaingia nao getini kila asubuhi. Kuna wakati ulivuma uvumi kwamba shule zingefungwa kabla ya tarehe, na ushahidi ulikuwa picha ya ukurasa wa mbele wa gazeti. Mwanafunzi aliyeiona nyumbani akaja kuielezea, nami nikaipata kwa mzazi, nikaichapisha. Tukaiweka kando ya gazeti halisi. Sikuwaambia chochote. Walianza wenyewe: tarehe na siku ya wiki havilingani. Herufi za kichwa cha habari ni nyembamba kuliko za gazeti lenyewe. Jina la mwandishi halipo. Kichwa kinatangaza shule kufungwa lakini hakuna "Inaendelea uk." yoyote, habari imeishia hewani. Mmoja akauliza, kama shule zinafungwa nchi nzima, mbona magazeti mengine ya siku hiyo yamekaa kimya? Tukatuma mtu stendi kwa kaka wa magazeti akaangalie nakala za siku ile zilizobaki. Akarudi na jibu kabla kengele haijalia. Mtoto aliyejifunza mpangilio wa gazeti kwa kulifumua kwa mikono yake anaijua karatasi kuliko anayeletewa picha yake.

Walimu wenzangu wananiuliza kuhusu siasa, hasa miaka ya uchaguzi, na najua woga wao unatoka wapi. Darasani kwangu hakuna kuulizana chama, cha mwanafunzi wala cha mzazi wala changu. Lakini habari za siasa hatuziruki. Kanuni ni ile ile: ukurasa, aya, nani kasema, nani hakusikika. Kanuni hiyo haijui chama. Wakitaka kumsifu au kumponda kiongozi, wanaambiwa waonyeshe kwenye karatasi aliyosema au aliyofanya, na mara nyingi moto unapoa wenyewe. Mtu akiniuliza mimi namuunga mkono nani, namwambia nitamwambia siku akishahitimu.

Na wanaoniuliza mtaala utaisha lini nikichezea magazeti, nawaonyesha mtaala wenyewe. Ufahamu, ufupisho, rejesta (yaani lugha ya mahali au shughuli fulani), barua rasmi, matangazo, uandishi wa ripoti, insha za hoja: kuna kipi hapo ambacho hakimo kwenye karatasi 8? Rejesta ya magazetini nilikuwa naifundisha kwa mifano ya ubaoni, wanakariri na kusahau. Siku hizi wao ndio wananiletea "watinga" na "kizaazaa" na "vigogo" na kuniuliza kwa nini gazeti halisemi tu "wamefika."

Nawakumbusha pia wanafunzi wangu kwamba gazeti la Kiswahili si geni kwenye ardhi wanayoikanyaga. Hapa hapa wilayani, Magila, wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walitoa gazeti la Kiswahili, Habari za Mwezi, tangu miaka ya 1890. Tanga mjini, shule ya serikali ya Wajerumani ilikuwa na mtambo wake wa kuchapa, na gazeti la Kiongozi lilitoka pale pale shuleni mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia vikalikatisha. Walimu na makarani Waafrika kutoka miji mbalimbali waliliandikia habari za kwao. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Waingereza ikaanzisha Mambo Leo, na wasomaji wakalijaza mashairi. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, alikuwa mmoja wa waliochapwa humo. Yalikuwa magazeti ya wakoloni na ya misheni, yenye malengo yao, na wanafunzi wangu wanaliona hilo upesi kwa sababu swali la nani kasema linafaa hata hapo. Lakini waliosoma walikuwa watu wa huku, na walijibu kwa kalamu.

Sasa na hawa wangu wanajibu. Mwaka huu wameanzisha gazeti la ukutani. Ni karatasi za manila nne kwenye ubao wa matangazo karibu na ofisi ya walimu, linabadilishwa kila Ijumaa. Lina bei za sokoni zilizokusanywa na wanafunzi wenyewe Alhamisi jioni, wakipita njia ya nyumbani. Lina michezo. Lina tanzia, pale mzazi wa mwenzao anapofariki. Lina mhariri ambaye ni yule binti wa machungwa, na hapokei habari yoyote isiyo na watu wawili waliosema. Habari ya bomba la maji lililokauka ilirudishwa mara tatu kwa sababu mwandishi hakuwa ameongea na fundi. Iliposhika nafasi yake ukutani ilikuwa na maneno ya fundi, ya mpishi, na ya wasichana wa Kidato cha Kwanza wanaochota maji kisimani, na mkuu wa shule aliisoma yote akiwa amesimama, mikono nyuma.

Nina ombi moja. Benki, ofisi za halmashauri, hospitali, vyuo na hoteli nyingi zinanunua magazeti kila siku, na kufikia saa kumi jioni yanawekwa kwenye rundo la kufungia vitu. Kama unafanya kazi mahali hapo, tafuta shule ya sekondari iliyo karibu, uliza nani anafundisha Kiswahili au Uraia, na mpelekee rundo la wiki kila Ijumaa. Usijali kwamba ni ya zamani. Nakala mbili za siku moja ni bora kuliko moja, kwa sababu hapo makundi mawili yanasoma habari moja na kushindana. Magazeti mawili tofauti ya siku moja ni bora zaidi. Usiyakunje mara nne, yanachanika kwenye mkunjo tukiyafumua. Na tafadhali mwachie mwalimu na zile kurasa za michezo.